Pamba, akriliki au uzi wa sweta la mitumba? Kuchagua vifaa vya mdoli wa kroshia ukiwa Bukavu

Anayetaka kufuma mdoli wake wa kwanza kwa kroshia huuliza kwanza aanze na mnyama gani. Mimi humuuliza yeye: huyo mdoli atafuliwa na nani, na ataanikwa wapi? Hapa Bukavu mvua huanza Septemba na kuendelea mpaka Mei. Jua la kutegemea linabaki Juni, Julai na Agosti. Mdoli wa mtoto huangushwa kwenye matope, hutiwa mdomoni, hulaliwa, humwagiwa uji. Kama hafuliki, au akifuliwa hakauki kabla ya kuanza kunuka, hata awe mzuri namna gani atapandishwa juu ya kabati na mtoto atabaki kumtazama tu. Ndiyo maana ulinganisho huu nimeupanga kwa kufuata maji: uzi kwanza, halafu kinachojazwa ndani, ndipo macho na namna ya kuunganisha viungo. Mnyama mwenyewe nimemweka mwisho.

Nazungumzia midoli midogo ya sentimita 12 hadi 20, ya ule mtindo wa Kijapani unaoitwa amigurumi. Inafumwa kwa mizunguko inayopanda bila kukatika, kwa vishono vifupi vilivyobanana, kisha inajazwa. Kitambaa chake kinatakiwa kibanane kuliko cha kofia au cha shali, maana kikilegea utaona kijazio kikichungulia kati ya vishono. Kwa hiyo kroshia yenyewe, ile sindano yenye ndoano, huwa nyembamba kuliko inavyoshauriwa kwenye lebo ya uzi: lebo ikisema milimita 4, chukua 2.5 au 3.

Uzi

Ukienda soko la Kadutu utakuta mabonge mengi yasiyo na lebo, au lebo imechanika ikabaki nusu. Muuzaji atakwambia, "Mama, hii ni pamba safi," na huenda naye aliambiwa hivyo hivyo alikonunua. Hakuna haja ya kubishana. Mwombe kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa koleo au kibanio cha nguo juu ya sahani yenye maji, ukiwashe. Pamba huwaka upesi, hunuka karatasi iliyoungua, na huacha jivu laini linalopeperuka ukilipuliza. Akriliki, yaani uzi wa kutengenezwa kiwandani, huyeyuka huku ikiwaka, hutoa moshi mweusi wenye harufu kali, na ikipoa huacha punje nyeusi ngumu isiyosagika kwa vidole. Sufu, yaani manyoya ya kondoo, husita kushika moto, huzimika ukiiondoa kwenye mwali, na harufu yake ni ya nywele zilizoungua. Ukipata jivu na punje kwa pamoja, ni mchanganyiko. Mchanganyiko si kitu kibaya, ila usiulipe kwa bei ya pamba.

Sasa tuyaangalie maji. Hata kabla hujaulowesha, kila uzi huwa umeshika unyevu wa hewani kwa kiasi chake. Katika hali ya kawaida pamba hushika kama asilimia 8 ya uzito wake, sufu kama 16, na akriliki haifiki 2. Ukiifua, tofauti hiyo utaiona kwenye kamba. Mdoli wa akriliki ukimkamua ndani ya taulo na kumweka kibarazani penye upepo, maji mengi yanakuwa yamekwisha kutoka. Wa pamba huyakumbatia, na katika wiki ya mvua za Aprili tumbo lake litakaa na ubaridi muda mrefu baada ya mikono na masikio kukauka. Ubaridi ule wa ndani ndio unaozaa ukungu. Katika mji wenye unyevu kama huu, hilo ni jambo zito la kuipendelea akriliki, na wanaoidharau kwa kuiita plastiki hawalipimi.

Akriliki ina mengine mazuri. Ni nyepesi: bonge la gramu 100 la unene wa wastani hutoa karibu mita 300, ambapo pamba ya unene huo huo na uzito huo huo hutoa kama mita 230 au 250. Mdoli wa sentimita 15 kwa kawaida haumalizi gramu 50 za rangi yake kuu, kwa hiyo bonge moja la akriliki linaweza kukupa wanyama wawili na masalio ya pua na mikia. Inanyumbulika pia. Mkono wa anayeanza haujatulia: kishono kimoja anakaza, cha pili analegeza. Uzi unaonyumbulika huficha hayo, na kroshia huingia kwenye kishono kilichobana bila kupigana nacho.

Mabaya yake ni mawili, na yote hutokea nyumbani. La kwanza ni moto. Akriliki ikikaribia mbabula yenye makala, au ikipitiwa na pasi, hulegea na kulala, na haitarudi tena hali yake ya mwanzo. Asikwambie mtu umwanike mdoli wa akriliki pembeni ya jiko ili awahi kukauka. La pili ni manyoya. Baada ya miezi ya kubebwa na kuvutwa, akriliki ya bei ya chini huota vijidonge vya manyoya, hasa mashavuni na chini ya mikono. Mtoto mkubwa hajali. Mtoto wa miezi 8 anayenyonya sikio la mdoli siku nzima anayameza manyoya hayo, na hapo mimi huiacha akriliki bila kufikiri mara mbili.

Kwa mtoto huyo nachukua pamba. Haioti manyoya kwa urahisi, huwa imara zaidi ikilowa kuliko ikiwa kavu, huvumilia maji ya moto na sabuni ya kipande, na vishono vyake huonekana kimoja kimoja, safi kabisa, hasa ile pamba iliyotiwa mng'ao kiwandani. Mdoli wa pamba hukaa na umbo alilopewa: tumbo la duara linabaki duara. Lakini inadai mkono uliozoea. Hainyumbuliki, kwa hiyo vidole na kiwiko huchoka mapema. Nyuzi zake ndogo zilizosokotwa hufumuka, ndoano ikapita katikati yake badala ya kupita chini ya uzi wote. Pamba inayofumuka hutulia zaidi kwenye kroshia ya chuma yenye kichwa cha mviringo kuliko ile yenye kichwa chenye ncha. Rangi nzito nazo, nyekundu na nyeusi na buluu ya usiku, huweza kuchuja. Kabla ya kuziweka karibu na nyeupe, lowesha kipande kwenye maji ya moto, kikandamize kwenye kitambaa cheupe, utazame.

Sufu naipita haraka. Ni laini, ina joto, lakini ukiisugua ndani ya maji ya moto hujikunja na kugandamana kuwa kitambaa kizito kilichosinyaa, na hairudi tena ilivyokuwa. Mdoli anayefuliwa na dada wa nyumbani pamoja na nguo nyingine hatadumu akiwa wa sufu.

Uzi wa sweta la mitumba ndio ninaotamani watu wengi zaidi waujue, kwa sababu ndio wenye bei ya chini kuliko yote na mara nyingi ni bora kuliko bonge jipya la bei yake. Sweta moja la mtu mzima linaweza kukupa uzi wa midoli mingi. Siri iko kwenye mshono wa ubavuni, na unapaswa kuutazama kabla ya kulipa. Ligeuze nje ndani. Ukiona kingo za vipande viwili zimefumwa nadhifu na kuunganishwa kwa mnyororo wa uzi, sweta hilo lilifumwa kwa umbo lake: ukikata mnyororo ule, kila kipande kitafumuka kwa uzi mmoja mrefu. Ukiona kingo zimekatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki, liache. Kila mstari umekatwa pembeni, na utavuna vipande vifupi vya urefu wa kifua, fundo baada ya fundo. Pita mbali pia na masweta yaliyogandamana kwa kufuliwa, maana nyuzi zake zimeshashikana.

Uzi ukishafumuliwa hutoka umejikunja kunja. Usiufume hivyo hivyo, vishono havitalingana. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne kwa uzi wa rangi nyingine, uloweshe kwenye maji ya vuguvugu, kisha uutundike ukiwa na kitu kizito kidogo chini yake mpaka ukauke. Utanyooka. Kasoro yake ni kwamba hauna mwenzake. Mteja akipenda sungura wako wa kijivu na kuagiza watano wanaofanana, huwezi kumwahidi, kwa kuwa sweta lile limekwisha. Tena uzi wa viwandani mara nyingi ni mwembamba, itakubidi ushike nyuzi mbili au tatu pamoja. Hilo si tatizo kubwa, na lina faida moja: unaweza kuchanganya kahawia mbili zinazokaribiana ukapata manyoya yenye kina, ambayo bonge la dukani halikupi.

Nikiulizwa nichague kwa niaba ya mtu: mtoto wa chini ya mwaka mmoja, pamba. Mtoto wa miaka 3 na kuendelea, au mdoli wa kuuza, akriliki nzuri isiyotoa manyoya ukiisugua kwa kidole gumba. Kujifunza, sweta la mitumba la rangi ya mwanga, hata kama utafumua na kufuma upya mpaka mkono ukubali.

Kinachojazwa ndani

Hapa uamuzi wa uzi unaweza kuharibiwa wote. Nimeshika midoli iliyofumwa kwa akriliki safi halafu ikajazwa vipande vya vitenge kutoka kwa fundi cherehani. Ni bure, ndiyo, na inaelezeka kwa nini mtu avitumie. Lakini vipande vya nguo ni vizito, huacha mabonde na vilima mwilini, na vinaposhika maji vinakuwa kama umejaza pamba mara mbili. Rangi ya kitenge nayo inaweza kuchuja na kutokea usoni kwa mdoli. Ukilazimika kuvitumia, vikate vidogo sana, vifue kwanza, uvitie tumboni tu na usivipeleke kichwani.

Nyuzi nyeupe za poliesta, zile zinazojaza mito, hazina mshindani kwa hali yetu. Hazinywi maji, hukauka upesi, hurudi zilivyokuwa ukizifinya. Kama hazipatikani peke yake, mto mmoja wa mitumba ulio safi, uliofuliwa na kukaushwa juani, utajaza midoli mingi. Zichambue kwa vidole mpaka zipumue kabla ya kuzitia. Bonge lililotiwa bila kuchambuliwa litabaki bonge daima.

Usufi wa mti ni mwepesi na maji hayaupendi, ila vumbi lake hukera pua unapoujaza na baada ya muda hulala, mdoli akapoteza shingo. Sponji ya godoro iliyokatwakatwa hunyonya maji na kuyashikilia, kisha ikizeeka husagika kuwa unga unaopenya kwenye vishono. Sipendi kuiona ndani ya kitu cha mtoto.

Tia kijazio kidogo kidogo, ukianza na kingo kabla ya katikati, na tia zaidi shingoni kuliko unavyodhani inafaa. Kichwa kinacholala upande ni shingo iliyoachwa na njaa.

Macho

Kwenye macho sibembelezi mtu. Kuna macho ya plastiki yenye mguu na kibano kinachosukumwa kwa ndani, kuna vifungo na shanga, na kuna macho ya kudarizi kwa uzi. Ya plastiki ndiyo yanayompa mdoli uhai upesi: milimita 6 hadi 9 kwa kichwa kidogo, unayapachika, mnyama anakutazama. Kwa mdoli wa kupamba rafu au wa kuuzia mtu mzima, yatumie bila wasiwasi.

Kwa mtoto wa chini ya miaka 3, hapana. Viwango vya usalama vya vitu vya kuchezea, vya Ulaya na vya Marekani, hupima kwa mcheduara mdogo, wa umbo la kopo, wenye kipenyo cha milimita 31.7. Kipande chochote kinachoweza kuingia humo chote, hata kikiwa kimetoka baada ya kuvutwa, hakifai kwa umri huo kwa kuwa kinaweza kuziba koo. Jicho la milimita 9 linaingia humo mara nyingi. Kibano chake kinaweza kuwa imara kabisa, lakini udhaifu hauko kwenye kibano, uko kwenye kitambaa. Vishono vya kroshia hunyumbuka, na mtoto anayevuta kwa meno anaweza kuyapanua matundu mpaka jicho zima, na kibano chake, likapita. Vifungo na shanga ni hatari zaidi, kwa kuwa vinashikwa na uzi mmoja tu, na mtoto hutafuna uzi.

Kudarizi kunahitaji subira, na mwanzoni macho hutoka yamepishana. Kuna njia ya kuzuia hilo. Kabla ya kujaza kichwa, choma pini mbili zenye vichwa vya rangi mahali unapodhani macho yatakaa, kirudishe kichwa umbali wa mkono ulionyooka, kitazame, hamisha. Macho yakishuka na kuachana kidogo, sura inakuwa ya mtoto, na yakipanda na kukaribiana inakuwa ya mzee mkali. Ukiridhika, chora mviringo kwa uzi wa pamba mweusi, jaza kwa mishono iliyolala upande mmoja, kisha weka mshono mmoja mfupi mweupe juu pembeni, upande ule ule kwa macho yote mawili. Mshono ule mweupe ndio unaolifanya jicho lionekane linang'aa. Hesabu pini zako ukimaliza, kabla ya kufunga kichwa.

Mwili mmoja au vipande vya kushonea

Maelekezo mengi unayoyakuta yanataka ufume kichwa, mwili, mikono na miguu kando, halafu ushonee. Mengine hufuma kichwa na mwili bila kukata uzi. Kwa mdoli wa kuchezewa nachagua mwili mmoja kila inapowezekana, kwa kuwa shingo ndipo mtoto anapombebea mdoli, na mshono wa shingoni ndio unaoachia kabla ya mingine yote.

Ukitaka kuona inavyokwenda: anza kwa kitanzi cha kukaza, vishono 6 ndani yake. Mzunguko wa pili ongeza kwenye kila kishono, yaani fuma viwili ndani ya kimoja, uwe na 12, kisha 18, 24, 30. Fuma mizunguko 5 bila kuongeza, ukabaki na 30. Punguza, yaani unganisha viwili kuwa kimoja, hadi 24, halafu 18, jaza kichwa, na hapo badala ya kufunga uanze kuongeza tena, 24, 30, ukishuka na mwili. Kwa kuwa mizunguko haiunganishwi, huwezi kuona ilipoanzia. Pitisha kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye kishono cha kwanza na ukihamishe kila unapozunguka. Pia hakikisha upande unaoonyesha vishono kama herufi V ndio unaotazama nje. Kazi hupenda kujipindua ikiwa ndogo, na watu wengi hufuma hadi shingoni mdoli akiwa nje ndani.

Vipande vya kushonea vina haki yake pale viungo vinapotaka kusimama kwa namna fulani: masikio marefu, mkonga, miguu ya kukalia. Acha mkia wa uzi wa sentimita 25 au 30 kwenye kila kipande, ushonee huo huo kwa kuzunguka mara mbili, na mwisho uzamishe ncha mwilini kwa kuipitisha mara tatu katika mielekeo tofauti.

Kuhusu maelekezo yenyewe, kwetu sisi tuliosoma kwa Kifaransa kuna nafuu. Kishono kifupi kinaandikwa ms, kuongeza ni aug, kupunguza ni dim, na huwa na maana moja popote. Ya Kiingereza yana mikondo miwili, wa Marekani na wa Uingereza, na kifupisho kile kile humaanisha vishono viwili tofauti. Ukikuta sc, ni ya Kimarekani na ndicho kishono unachokitafuta. Kwa Waingereza kishono hicho hicho ni dc.

Gorila au sungura

Wageni na wenyeji wanaonunua midoli ya mkono hapa huuliza gorila kabla ya kuuliza chochote, na wana sababu. Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kuingia Urithi wa Dunia mwaka 1980, iko karibu na mji, na ndimo wanamoishi gorila wa Grauer, wakubwa kuliko gorila wote. Mtu anayetoka Bukavu angependa kurudi na dume wa mgongo wa fedha mkononi. Kwa anayeuza, gorila ndiye mnyama.

Kwa anayeanza, hapana, na sababu ni rangi. Kwenye uzi mweusi vishono havionekani. Unahesabu kwa kupapasa, na umeme ukikatika ukabaki na mshumaa au taa ya simu, hata kupapasa hakusaidii. Kupunguza kunakosekana kimoja, mzunguko unabaki na 25 badala ya 24, na kichwa kinaanza kupinda bila wewe kujua ni wapi. Kama moyo wako uko kwa gorila, mfume kwa kahawia nzito au kijivu cha makaa badala ya nyeusi kabisa. Hakuna mtoto atakayemkataa, na macho meusi yatapata mahali pa kuonekana.

Halafu kuna ule mgongo. Njia ya kwanza ni kubadilisha rangi ndani ya mzunguko: kishono cha mwisho cha rangi nzito usikimalize kwa rangi nzito, vitanzi viwili vikiwa bado juu ya kroshia, acha uzi huo, vuta kijivu cha mwanga upitishe kwenye vyote viwili, na kishono kinachofuata kitaanza na rangi mpya. Inatoka nadhifu. Shida yake huonekana baada ya mizunguko minne au mitano: vishono vya mizunguko ya kupanda havikai wima juu ya vile vya chini. Kwa anayefuma kwa mkono wa kulia vinasogea kulia kidogo kidogo, na mgongo wa fedha unaishia kwenye nyonga. Unaweza kurekebisha kwa kuanza rangi kishono kimoja nyuma kila mizunguko michache, ukikagua kwa jicho.

Njia ya pili ni kufuma kiraka kando na kukishonea. Fanya mnyororo wa vitanzi 6. Ukianzia kitanzi cha pili kutoka kwenye kroshia, fuma vishono 4, tia 3 kwenye kitanzi cha mwisho, zunguka upande wa pili wa mnyororo kwa vishono 3, na umalizie na 2 pale ulipoanzia. Umepata yai la vishono 12. Mzunguko unaofuata ongeza kwenye ncha zote mbili tu, na uendelee hadi litoshe mgongo. Hukaa palepale ulipoliweka, na kwa mdoli wa kuuza ndiyo njia yangu, kwa sababu migongo kumi itafanana. Kwa mtoto anayetafuna, kiraka ni ukingo mwingine wa kung'ata. Hapo afadhali kubadilisha rangi.

Sungura, yule mjanja wa hadithi ambaye kila mtoto wa hapa anamjua kabla hajamwona, ni rahisi kwa kila kipimo. Rangi yake ni ya mwanga, kichwa na mwili vinakwenda kwa uzi mmoja, mkia ni duara dogo. Kazi yake iko kwenye masikio mawili, na ni mahali pazuri pa kujifunza kushonea, maana yakipishana kidogo haharibiki, anaonekana ameyatega kusikiliza. Yafume membamba, usiyajaze, uyakunje mara moja chini kabla ya kuyashonea ili yasimame. Kwa mtoto mchanga yaache yalale, na yasizidi urefu wa kichwa chenyewe, yasije yakamzunguka vidoleni.

Akiwa tayari, kabla hujampa mtu yeyote, mfue mara moja mwenyewe kwa maji na sabuni ile ile ya nyumba anayokwenda. Vuta kila kiungo kwa nguvu kuliko atakavyovuta mtoto. Kama sikio limeachia, shonea tena kwa mizunguko miwili zaidi. Kama baada ya siku mbili tumbo bado lina ubaridi ukilibana shavuni, fungua mshono wa chini, toa kijazio, weka cha poliesta, ufunge upya.